Unakata Nini, Mkwe?

Hakuna mtu aliyewahi kununua cheni ya pawaso, ule msumeno wa injini, dukani kwa Ndila pale Ikutha bila kuhojiwa. Ulikuwa unaingia, unataja ukubwa wa msumeno wako, unadhani kazi imekwisha. Ndila anaweka viwiko juu ya kaunta, anakutazama kwa juu ya miwani, anakuuliza, "Unakata nini?" Ukijibu "miti" umejitakia mwenyewe. Miti gani? Mibichi au mikavu? Imesimama, au imelala mchangani? Unaikata vipande vya makaa, au unapasua mbao? Wapo waliokasirika. Bwana mmoja aliondoka amenuna, akapanda pikipiki mpaka Kibwezi kununua cheni kwa watu wasiouliza maswali, na wiki hiyohiyo akarudi Ikutha kimyakimya, akajibu yote.

Ndila alikuwa na sababu. Cheni zikining'inia ukutani zote ni sawa, lakini meno hayafanani. Kuna zile za meno ya pembe kali, zinazokula mti mbichi bila shida na zikigusa mchanga tu zinakufa. Kuna za meno ya mviringo kidogo, zenye uvumilivu, za magogo makavu na maganda yaliyojaa vumbi, yaani karibu magogo yote ya Ikutha. Hizo ni za kukata mti kwa kukingama. Halafu ziko za kupasua, ambazo meno yake yamenolewa karibu kunyooka, za kufuata mti kwa urefu wake ili mbao zitoke laini. Ukipasua kwa cheni ya kukata utapata mbao zenye mawimbi, nene huku na nyembamba kule, na injini italia hadi majirani wakuonee huruma. Ukikata kwa cheni ya kupasua utakaa hapo mpaka chai ipoe. Haya yote Ndila aliyajua kutoka kwa marehemu mumewe, Mwangangi, ambaye alikuwa mpasua mbao maisha yake yote na hakuwa na hadithi nyingine ya kusimulia wakati wa chakula.

Mteja mmoja tu ndiye hakuwahi kuulizwa swali lile, naye ndiye alikuwa bingwa wa pawaso kuliko wote. Jina lake Kasyoki, mchumba wa binti yake Kasiva.

Tangu siku mbuzi wa posa walipofungwa ugani kwa Ndila, yeye na Kasyoki walikuwa hawawezi kutazamana. Wakamba huiita nthoni, heshima iliyochanganyika na aibu, na baina ya mama mkwe na mkwe wake haina mchezo. Hamkai meza moja. Hamsemezani ana kwa ana. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani, na adabu ni kwamba awe yule kijana, ingawa Ndila naye alishawahi kujificha nyuma ya gari la ng'ombe siku ya soko hadi mwenye gari akamuuliza kama anadaiwa. Mchungaji wao alikuwa amehubiri kwamba mambo hayo hayamo kwenye Biblia. Jumapili iliyofuata mama mkwe wake alikuja ibadani, na mchungaji akatoroka kwa mlango wa nyuma. Nthoni huweza kufunguliwa, mkwe akileta blanketi na wazee wakikubali, lakini Kasyoki alikuwa bado anajipanga.

Kwa hiyo Kasyoki alinunua cheni zake kupitia kwa Muktar. Muktar alikuwa na duka la dawa za mifugo lililopakana na la Ndila kwa ukuta mmoja. Asili yake ni Garissa, alikuja Ikutha kununua mbuzi akaishia kukaa, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wa soko. Kasyoki akiwa Kibwezi, alikofanya kazi, alimpigia Muktar simu, Muktar akatoka nje hatua chache, akaingia kwa Ndila, akasema alichoambiwa. Alifanya kazi hiyo bure, kwa sababu ilimfurahisha.

"Kwetu pia mkwe anaheshimiwa," alipenda kusema. "Lakini anapewa chai."

Sasa, nyumbani kwa Ndila kulikuwa na mukau. Mwangangi aliupanda mwaka aliozaliwa Kasiva, na kila alipoupitia aliupiga kofi shinani, akasema huyu ndiye mlango wa nyumba ya binti yangu. Mukau ni mti wa mbao nyekundu ambao mchwa hawauwezi, na huo wake ulinyooka vizuri, shina refu safi mpaka kwenye panda. Mwangangi akafa, mti ukabaki. Mvua za Novemba zikaja na upepo wa ajabu, mti ukalala kando ya zizi la mbuzi, mizizi juu. Ndila alilia siku hiyo. Alipomaliza kulia alilipima gogo kwa macho na kuona kwamba lina mlango, lina kitanda, na labda likibaki kidogo atapata kaunta mpya ya duka. Lakini halikuwa gogo la kujaribia. Likipasuliwa ovyo hakuna jingine, na Mwangangi hayupo apande tena.

Nani alipasue? Hilo halikujadiliwa. Huwezi kuwa na mkwe mwenye pawaso ukaita mtu baki. Kasyoki angekuja Jumamosi.

Jumatano Muktar aliingia dukani.

"Mama Kasiva, mkwe amepiga. Anataka cheni."

"Ya kupasua," Ndila akasema, mkono ukiwa tayari njiani kuelekea ukutani.

"Hapana. Amesema ya kukata. Ile ya kawaida."

Mkono wa Ndila ukasimama. "Una hakika?"

"Nimemuuliza mara mbili. Ya kukata. Ya Jumamosi."

Ndila alikaa chini. Ya kukata, kwa mukau wa Mwangangi. Angekuwa ni mteja mwingine angeshamhoji mpaka atoke jasho. Lakini kumtumia mkwe maneno ya kusema umekosea cheni ni sawa na kumwambia hajui kazi yake, na hilo mama mkwe halisemi, hata kwa kupitia ukuta wa Muktar. Aliona picha ya mlango wa Kasiva ukiwa na mawimbi.

Basi akafanya jambo ambalo lilionekana la busara kabisa wakati huo. Alichukua boksi la cheni ya kukata, akaitoa, na ndani yake akaweka ya kupasua. Ilikuwa ya mwisho dukani, Kibwezi hawauzi za kupasua, na nyingine haingefika kutoka Nairobi mwezi ule. Akalifunga boksi vizuri.

Muktar alikuwa anatazama. "Hiyo ndiyo aliyosema?"

"Boksi si unaliona limeandikwa?"

"Boksi naliona," Muktar akakubali, akalipeleka kwa kijana wa pikipiki anayekwenda Kibwezi. Ndila alijisikia mwepesi. Amemsaidia mkwe bila kumwaibisha, na mti wa Mwangangi uko salama. Jioni hiyo aliimba akipika.

Jumamosi Kasyoki alifika asubuhi, pawaso imefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira. Hakupita langoni. Alizunguka kwa nyuma, upande wa zizi, na Ndila akiwa jikoni aliona buti zake tu chini ya ua wa miti. Buti safi, akagundua. Amezipiga brashi kuja kukata mti. Kasiva, aliyekuwa amekuja nyumbani tangu Ijumaa, alikuwa anakwenda na kurudi akibeba chai na habari. Muktar naye alikuja, akisema huenda akahitajika kama mjumbe, ingawa kila mtu alijua kuna mbuzi aliyemchinja yeye mwenyewe alfajiri.

Injini ikawaka. Ndila akaacha kukata vitunguu, akasikiliza.

Mwanamke aliyeolewa na mpasua mbao anajua sauti. Kilichokuwa kinakata matawi kule nje hakikuwa cheni yake. Kilikuwa kikuukuu, kimekwisha meno, kinatafuna badala ya kukata. Kiliingia kwenye mti kikagugumia, kikatoka, kikaingia tena.

"Kasiva," aliita. "Ile cheni niliyotuma iko wapi?"

Kasiva alikuja akiwa na birika tupu. "Iko kwa kitambaa, ameiweka juu ya jiwe kama mtoto. Anasema hiyo ni ya mbao peke yake, haigusi maganda."

"Sawa. Sasa mbona anakata na takataka?"

Kasiva aliweka birika chini polepole. "Mama, si yeye aliomba ya kukata? Ya kupasua alikuwa ameshaazima kwa Musyimi, mwenzake wa huko Kibwezi. Yake ya kukata ndiyo ilikuwa imeisha. Sasa ulipomtumia ya kupasua akafikiria umeona hana ya kupasua, akaona haya. Akarudishia Musyimi yake, naye Musyimi ameshasafiri nayo mbali. Akasema atamaliza matawi na ile ya zamani, pole pole."

"Kwa nini hakusema nimekosea?"

"Angekwambiaje?"

Ndila alishika kisu bila kukitumia. Alimwona kijana wa watu akifungua boksi, akikuta kitu ambacho hakuomba, akikiangalia, akinyamaza. Angekwambiaje, kweli. Aliona haya hadi masikio yakawaka moto, na jambo baya zaidi ni kwamba hakukuwa na mtu wa kumgombeza isipokuwa yeye mwenyewe.

Nje kulisikika mlio mkali wa chuma, kisha injini ikazimwa. Muktar alichungulia dirishani. "Imekatika. Ile ya zamani. Yeye ni mzima, hakuna kitu."

"Kasiva, chukua funguo," Ndila alisema, ameshazivua shingoni. "Ya kukata, ile ya meno ya mviringo, msumari wa pili kutoka mlangoni. Shika boda hapo barabarani. Nenda sasa hivi."

Kasiva alitoka mbio kupitia langoni, leso mkononi. Muktar alitazama saa, akasema adhuhuri imefika na anakwenda kuswali, atarudi kabla nyama haijaiva. Naye akaondoka. Ndila akabaki na sufuria na mwiko.

Hakuna aliyemwambia Kasyoki asubiri. Kila mmoja alidhani mwingine amemwambia.

Kasyoki hakuwa mtu wa kukaa amekunja mikono kwenye boma la mama mkwe. Ndila alisikia ukimya, kisha sauti ndogo za bisibisi, akajua anafunga cheni nyingine. Cheni ipi? Ilikuwa imebaki moja tu. Akasogea kwenye mwanya wa ua. Mkwe alikuwa amevaa vile vidude vya kuziba masikio, amepiga goti mbele ya gogo kwenye upande wa juu, pale ambapo shina linagawanyika, na alikuwa anaweka alama ya chaki mahali pa kukata. Kwenye panda. Kwa upole na adabu zote, alikuwa anataka kumaliza kazi ya cheni ya kukata kwa ile ya kupasua.

Na hapo ndipo Ndila alipokumbuka mzinga.

Miaka mingi nyuma, Kasiva akiwa bado hajaanza shule, Mwangangi alitundika mzinga wa nyuki kwenye panda ile. Aliufunga kwa waya mnene, akauzungusha, akaukaza kwa koleo. Nyuki waliuma mbuzi, Ndila akagomba, mzinga ukashushwa. Waya haukushushwa. Mti ukanenepa, ukaumeza, ganda likafunika, watu wakasahau. Ulikuwa humo ndani, vidole vichache tu kutoka kwenye ile chaki nyeupe.

Kasyoki alivuta kamba. Injini ikawaka.

Ndila alipiga kelele. Alipaza sauti hadi mbuzi wakaruka, na mkwe hakugeuza hata shingo. Injini inanguruma, masikio yameziba, macho yako kwenye chaki. Alifikiria kurusha jiwe, lakini mtu hamrushii jiwe aliyeshika pawaso, sembuse mkwe. Kasiva yuko barabarani. Muktar yuko msikitini. Cheni ile ikigonga waya meno yatang'oka, na hakuna nyingine mwezi mzima, na gogo linaanza kupasuka nyufa kwa jua, na huyu kijana kwa haya zake hatasema kitu. Atarudi Kibwezi kuazima chochote, atapasua hivyohivyo, na mlango wa Mwangangi utakuwa mawimbi.

Kulikuwa na njia moja ya kumsimamisha, nayo ni Ndila mwenyewe aonekane.

Alijifunga leso kiunoni, akapita katikati ya mbuzi, akaruka tawi, akazunguka gogo kwa upande wa pili, akasimama mbele yake kabisa, mikono juu, mwiko bado mkononi.

Kasyoki aliinua macho. Kwa muda walitazamana, mama na mkwe, kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Alikuwa na uso mchanga kuliko alivyodhani, na kovu dogo juu ya jicho. Injini ikafa. Kasyoki akavua vile vidude vya masikio, akaivuta kofia mpaka puani, akageuka haraka, akawa anatazama zizi.

"Nisamehe, mwaitu," akaliambia zizi, akimwita mama kwa Kikamba.

Ndila naye alikuwa ameshageuka, anatazama mlima. "Kuna waya kwa hiyo panda," aliuambia mlima. "Wa mzinga. Umemezwa na mti. Usiguse hapo."

"Sawa."

"Kasiva ameenda dukani kuchukua ya kukata. Ngoja."

"Sawa."

Ingekuwa heri aondoke wakati huo. Alijua. Lakini gogo lilikuwa pale, akakaa. Baadaye kidogo alisikia gogo likiguna upande wa pili, Kasyoki amekaa pia. Wakakaa hivyo, migongo ikitazamana, mti wa Mwangangi katikati, wakisubiri boda. Jua lilikuwa utosini. Mbuzi mmoja alikuja akawatazama kwa zamu.

Ndila alivumilia alivyoweza, na si kwa muda mrefu.

"Unakata nini?" akauliza.

Kijana akajibu taratibu, kama mtu aliyekuwa na jibu hili tayari kwa muda mrefu. "Mukau. Umelala tangu Novemba, nje umekauka, ndani bado una maji. Maganda yana mchanga wa zizi. Ndiyo maana nilitaka ya kukata kwanza, meno ya mviringo, nitoe ncha zote mbili na uchafu. Halafu ya kupasua, nikianzia chini, kwa sababu huko ndiko mti umenyooka. Mlango nautoa katikati kabisa, ubao mpana. Kama nitapata mpana wa kutosha, mlango utakuwa na mbao mbili tu."

Lilikuwa jibu zuri kuliko yote aliyowahi kupewa kwenye duka lile. Ndila alijikuta anatabasamu mbele ya mlima.

"Na mwaitu," Kasyoki akaongeza, sauti ikipanda kidogo, "ile cheni ulituma. Mimi sio hiyo niliomba."

Hapo Ndila alicheka. Alicheka hadi mwiko ukamtoka mkononi, akajifuta macho kwa leso. Tangu Mwangangi azikwe hakuna mtu aliyemwambia amekosea cheni, na hakuwa amejua kwamba alikuwa analikosa jambo hilo kiasi kile. Mwangangi angemwambia hivyohivyo, bila kupaka mafuta.

"Najua," akasema. "Siku nyingine uniambie."

"Nitakuambia."

Kasiva alirudi na cheni mkononi, akawakuta wamekaa vile. Muktar, aliyekuja nyuma yake, alitazama, akavuta pumzi, akauliza kama basi kazi yake imekwisha na kama bado kuna nyama.

Ncha zilikatwa mbali na waya. Kile kipande cha panda, chenye waya wa Mwangangi, Ndila alikibeba mwenyewe, akakiweka ndani ya nyumba. Alasiri Kasyoki akafunga cheni ya kupasua na kuanzia chini kama alivyosema, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya zamani, ya mfululizo, isiyogugumia. Ndila aliisikiliza akiwa jikoni, mlango wazi. Ubao wa kwanza ulipoanguka, ulikuwa mwekundu na laini, na upana wake ulitosha.

Wiki iliyofuata, siku ya soko, Kasyoki alikuja dukani. Hakupitia kwa Muktar. Alikuwa na wazee wawili nyuma yake na blanketi kwapani, likiwa bado kwenye nailoni yake, akasimama mbele ya kaunta mpya ya mukau. Kofia ilikuwa mkononi. Muktar alikuwa mlangoni kwake, amejifanya anahesabu dawa za minyoo.

Wazee walisema ya kusema, blanketi likapokelewa. Kisha Ndila akaweka viwiko juu ya kaunta, akamtazama mkwe kwa juu ya miwani.

"Unakata nini?"

"Leo sikati kitu, mama," Kasyoki akasema. "Nimekuja kunywa chai."